Kafunga laptopu yangu kwa mkono wake, mbele ya watu wote!

Kibodi Kavu (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, vidole vinatetemeka, mnivumilie kwenye herufi. Simtaji mtu. Hakuna haja ya kumtaja. Kama umewahi kufanya kazi mahali penye seva zaidi ya mbili, unamjua: yule anayejibu swali kabla halijaisha kuulizwa, na mfumo ambao yeye haujui basi haupo duniani. Huyo huyo.

Kafunga laptopu yangu. Umesoma sawasawa. Nimesimama naongea, skrini yangu imetanda ukuta mzima, yeye akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake, akashika kifuniko, akakibamiza. Pap! Halafu akawageukia wenzake: "Mmeona wenyewe. Huo ni mfumo wa kuchezea chumbani. Turudi kwenye kazi."

Ngoja nianze mwanzo, hasira inanichanganya.

Seva zetu hadi leo ziko kwenye CentOS 7, mfumo endeshi wa Linux. Ndiyo, ile ile iliyofikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Viraka vya usalama hakuna tena, na sisi tumekaa nayo tukiiombea. Tukaambiwa kila mtu alete pendekezo la mfumo endeshi wa chanzo huria wa kuhamia, na aje tayari kuutetea. Nikaja tayari. Wengine wakaleta Rocky, wengine AlmaLinux, mbadala mbili za CentOS, sina ugomvi nazo. Zote mbili zilitoka 2021, baada ya Red Hat, kampuni yenye CentOS, kutangaza Desemba 2020 kwamba CentOS 8 itakatwa mwisho wa 2021, wakati watu walishajipanga nayo hadi 2029. Mimi nikaleta FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Unix usio Linux, kwa sababu nimechoka kufungashwa virago kila kampuni moja inapobadili mawazo. FreeBSD ipo tangu 1993, kerneli (kiini cha mfumo) na zana zake za msingi vinatunzwa pamoja kama mfumo mmoja, na mwongozo wake ukiufungua unakuta kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Yule bwana akacheka. "Nani duniani anatumia hiyo?" Nikamjibu kwa adabu zote: seva zinazosukuma video za Netflix ni FreeBSD. WhatsApp ilikua juu ya FreeBSD, na mwaka 2012 walionyesha seva moja ikibeba miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja. Junos, mfumo wa kwenye ruta za Juniper, ulijengwa juu yake. Unajua alisema nini? "Hao ni wakubwa, sisi siyo wao." Sekunde kumi nyuma hakuna aliyeitumia duniani, sasa wanaoitumia ni wakubwa mno! Ningemwambia jua huchomoza mashariki angesema hilo ni la watu wa mashariki.

Nikasema basi, maneno hayatoshi, nionyeshe. Na hapa ndipo damu inapochemka, kwa hiyo someni polepole.

Kinachowaua watu kwenye seva za kazini ni kusasisha. Unasasisha usiku, mashine haiwaki, unalala sakafuni kwenye chumba cha seva. FreeBSD ikiwa juu ya mfumo wa faili wa ZFS unaandika `bectl create kabla`, na mfumo mzima unabaki na picha yake ya pembeni, papo hapo. Ukiharibu, unawasha upya, kwenye menyu ya kuwashia unachagua ile ya zamani, umerudi ulikotoka. Ndiyo niliyotaka waione. Nikatengeneza hiyo picha, kisha nikafuta kerneli KWA MAKUSUDI. Nikawatangazia: "Sasa naua mfumo, halafu naufufua." Nikawasha upya. Ukutani ukatokea ujumbe kwamba kerneli haipatikani. Watu wakaguna. Nikasema, subirini, sasa narudi kwenye menyu...

PAP!

Kafunga! Kati ya kuua na kufufua! Watu wote waliokuwa mle ndani wameondoka na picha moja kichwani: mfumo wa Kibodi Kavu ukiwa umekufa ukutani. Hatua iliyobaki ilikuwa kubonyeza vitufe viwili. VIWILI! Angesubiri muda wa kupiga chafya angeona mashine inawaka. Kisha anasema "mmeona wenyewe". Wameona nini? Wameona kiganja chako!

Na laptopu ni YANGU. Siyo ya kazini. Bawaba imeanza kulia.

Nasubiri mtu mmoja aje aniambie nitulie.

---

Mzee wa Terminali

Tulia.

---

Bandika Bandua

Mkuu nimesoma mpaka mwisho. Ulisimama mbele ya mabosi, ukafuta kerneli, ukawasha upya, kukatokea maandishi ya kutisha, halafu unashangaa mtu kafunga laptopu? Hata mimi ningefunga. Ningefunga na mlango.

---

Kibodi Kavu

Bandika, soma tena! Nilitangaza kabla! "Naua, halafu nafufua." Kila mtu alisikia. Kufuta ndiyo ilikuwa hoja yenyewe. Utaonyeshaje kwamba kamba inaokoa bila kumtumbukiza mtu majini?

---

Dada Seva

Huyo namjua!! Ndiye aliyesema hatuhitaji nakala rudufu kwa sababu tuna RAID, diski kadhaa zinazobeba data kwa pamoja. Tukamwambia RAID inakulinda diski ikifa, ila mtu akifuta faili, linafutika kwenye diski zote kwa pamoja. Akajibu, "kwa nini mtu afute?" Baada ya hapo akafuta. Yeye mwenyewe. Sisi tulikesha, yeye akaandika barua ya kutupongeza kwa moyo wa kujituma.

---

Mpita Njia

Dada Seva usiniambie na huko yupo. Kwetu yupo pia. Huyu mtu ana ajira ngapi?

---

Samaki Puffy

Pole mleta mada, lakini umekosea kuchagua. Ungeenda na OpenBSD, ndugu yake FreeBSD. OpenSSH, programu ya SSH unayoingilia kwa mbali kwenye kila seva yako, imetoka huko tangu 1999. pf, ukuta wa moto unaojivunia kwenye FreeBSD yako, ilizaliwa huko 2001. Julai 2024 OpenSSH ilipokutwa na lile tundu la usalama, Linux zenye maktaba ya glibc zilihangaika, OpenBSD halikuigusa. Toleo jipya kila miezi sita, huduma zisizohitajika zimezimwa tangu unaposakinisha. Huyo bwana angefunga laptopu, sawa, lakini hakuna mwingine ambaye angeingia.

---

Kibodi Kavu

Samaki, OpenBSD naiheshimu, lakini haina ZFS, na nisingekuwa na cha kufufua. Na tusitoke kwenye mada. Alifunga LAPTOPU YANGU.

---

Fundi Kontena

Naomba nimtetee kidogo jamaa, msinipige mawe. Kazini kwetu kila kitu ni kontena za Docker, yaani programu zilizofungashwa kila moja peke yake. Docker inategemea kerneli ya Linux, juu ya FreeBSD haikai hivi hivi, itabidi uweke mashine pepe ya Linux ndani ya bhyve, kiendesha mashine pepe cha FreeBSD, na hapo umerudi kuitunza Linux ile ile uliyoikimbia. Na la pili: wewe ukienda likizo, nani anaamshwa usiku? Ukitafuta mtu wa Linux wanakuja kumi. Ukitafuta wa FreeBSD anakuja mmoja, na huyo ndiye aliyeko likizo. Hayo ndiyo maswali aliyopaswa kukuuliza badala ya kufunga kifuniko.

---

Kibodi Kavu

Jela za FreeBSD zipo tangu toleo la 4.0, mwaka 2000! Docker imekuja 2013! Mambo ya kutenga programu watu wa FreeBSD waliyafanya kabla... unajua nini, Fundi, swali la likizo ni la haki, na ningelijibu kwa heshima kama ningeulizwa. Nilikuwa na ukurasa mzima umeandaliwa kuhusu hilo hilo. Ulikuwa unafuata baada ya onyesho. Uko ndani ya laptopu ILIYOFUNGWA.

---

Bandika Bandua

Ifungue basi mkuu.

---

Debi wa Kale

Nyote mnapoteza muda. Debian. Linux inayoendeshwa na watu wa kujitolea, hakuna kampuni ya kubadili mawazo, toleo moja unakaa nalo miaka mitano ukihesabu LTS, matunzo ya muda mrefu. Nimemaliza.

---

Asiyetaka systemd

Debian ile ile iliyopokea systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, 2015 kwenye toleo la 8? Watu walioumia wakaondoka wakaanzisha Devuan, Debian isiyo na systemd. Na Machi 2024 mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz, zana ya kubana faili, ulipita wapi kuifikia sshd, programu inayopokea SSH kwenye seva? Kupitia libsystemd, maktaba ya systemd, ambayo Debian na wenzake waliiunganisha wenyewe kwenye sshd. OpenSSH asilia haikuwa na kiungo hicho. Mhandisi mmoja, Andres Freund, alishangaa kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba. Bila huyo mtu tungekuwa tunaongea mengine leo.

---

Debi wa Kale

Xz iliingia kwenye matawi ya majaribio tu. Toleo thabiti halikuguswa. Kuwa mkweli.

---

Asiyetaka systemd

Halikuguswa kwa sababu Freund aliwahi. Na mimi bado nina kinyongo na majina ya kadi za mtandao. Ilikuwa eth0. Mtoto anaweza kuitamka. Sasa ni enp3s0. Ukiongeza kadi nyingine kwenye nafasi ya jirani, jina linaweza kubadilika, na seva inakaa kimya kama imenuna.

---

Dada Seva

HAPO UMEGUSA. Tuliongeza kadi moja ya diski, mtandao ukapotea. Tumezunguka mpaka asubuhi.

---

Jua la Zamani

Natumia illumos, mrithi wa OpenSolaris. Oracle walipoifunga OpenSolaris 2010 sisi tukaendelea. ZFS na DTrace, zana ya kuchunguza mfumo ukiwa kazini, asili yake ni huku huku. Kama kuna mwingine humu ajitokeze.

---

Mzee wa Terminali

Uko peke yako, mkuu. Tunakupenda.

---

Kibodi Kavu

Jamani, uzi huu ni wa mtu aliyefungiwa laptopu.

---

Fundi Kontena

Tumekuelewa. Ila mnaongelea kero ndogo. Wa kwetu akikuta programu haifanyi kazi, kitu cha kwanza anaandika `setenforce 0`. Hasomi kumbukumbu za mfumo, hasomi chochote. SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux, inalala, anasema "nimerekebisha", anaondoka na shukrani. Seva ikiwashwa upya inaamka na SELinux yake, programu inakufa tena, anaitwa tena, anashukuriwa tena.

---

Mpita Njia

Huyo afadhali. Wa kwetu ni 777, yaani ruhusa ya kila mtu kufanya lolote. Kila folda, kila faili. Siku moja akaipa 777 folda ya funguo za SSH, sshd ikazikataa zote, tukafungiwa nje sote na yeye akiwemo. Akailaumu SSH kwa kuwa na masharti.

---

Samaki Puffy

Sshd ilifanya kazi yake. Ndiyo maana nasema OpenBSD...

---

Dada Seva

Samaki!

---

Bandika Bandua

Tukiwa hapa hapa kwenye SSH: porti 22, mlango wa kawaida wa SSH, mnaihamisha au mnaiacha? Kwetu kuna ugomvi mkubwa, watu hawaongei.

---

Debi wa Kale

Hamisha. Kelele za roboti zinapungua, kumbukumbu zinasomeka.

---

Asiyetaka systemd

Uhamishie wapi? Porti zipo 65,535, mwenye nia anazikagua zote. Zima nenosiri, tumia funguo, kalale.

---

Debi wa Kale

Nimesema kelele, sijasema usalama. Soma kabla ya kujibu.

---

Jua la Zamani

Sisi tumeiacha 22. Hakuna anayetukagua.