Kisu cha ala kwa shamba na kutembea milimani: inchi 4, 5 au 7?

ShambaHandeni
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua visu, siyo vya kukunja, nasema kile cha kukaa kwenye ala kiunoni. Nina shamba Handeni, mahindi na mihogo na mbuzi wachache, halafu kila tukipata nafasi huwa tunapanda Lushoto na washkaji tunatembea milimani na kulala kwenye mahema. Kazi zenyewe ni za kawaida tu, kukata kamba za katani, mipira ya umwagiliaji, kufungua viroba vya mbolea, kumenya muhogo, kuchinja kuku na mara mojamoja mbuzi, na tukiwa kambini kuchonga vigingi vya hema na vijiti vya kuwashia moto.

Sasa nimeona vitatu. Mora ya Sweden ya makali ya inchi 4, kingine inchi 5 na kidogo, na kuna jamaa anauza kikubwa cha inchi 7 mtindo wa Ka-Bar, vile vya wanajeshi wa Marekani. Roho inapenda hicho kikubwa maana naona kitafanya zote na panga nitaacha nyumbani. Nataka kununua kimoja tu. Nichukue kipi?

FundiGerezani
Mkuu karibu. Mimi natengeneza visu na panga kwa springi za gari kwa hiyo nakujibu kwa kazi ya mikono.

Hicho cha inchi 7 weka pembeni kwanza. Ka-Bar ilianza kutumika kwa wanamaji wa Marekani mwaka 1942, vita ya pili ya dunia, ni kisu cha askari, kilitakiwa kipigane, kifungue makopo na masanduku, kichimbe, yote kwa pamoja kwa sababu askari habebi vitu vingi. Wewe siyo askari na una panga nyumbani. Panga inakata mti kwa sababu ni ndefu, inchi 18 au 20 huko, na uzito wake uko mbali na mkono, ukiishusha inafika na nguvu. Kisu cha inchi 7 hakina huo urefu wala huo uzito, utakata tawi la unene wa kifundo cha mkono mpaka utoke jasho, halafu ukirudi kumenya muhogo ncha iko mbali na vidole na mkono unachoka. Yaani umenunua kitu kinachoshindwa na panga kwenye kazi ya panga na kinashindwa na kisu kidogo kwenye kazi ya kisu.

Namna rahisi ya kupima, weka kiganja chako juu ya bapa la kisu, vidole vinne bila gumba. Makali yakilingana na upana wa kiganja, hapo ndipo mkono wa mtu unapotawala ncha vizuri, kwa wengi wetu inatoka kama inchi 3 na nusu mpaka 4 hivi, ukizidisha nusu inchi siyo mbaya.

Ila kuna jambo watu hawaulizi kabisa na ndilo kubwa kuliko urefu: UNENE. Mora Companion ya kawaida ina unene wa milimita 2.5 hivi, ndiyo maana inapita kwenye muhogo na nyanya bila shida. Sasa kuna visu vya "porini" vinauzwa vina milimita 5, vinaonekana vya kiume lakini ukikata muhogo haukatiki, unapasuka, kwa sababu mgongo unasukuma pande mbili kabla makali hayajamaliza kazi. Vitu unavyokata wewe ni vya kupita, siyo vya kupasua. Milimita 2.5 mpaka 3 inakutosha, usipande zaidi.

Mchuna_Ngozi
Namheshimu fundi lakini kwenye mbuzi sikubaliani nae. Nimekulia buchani, baba alikuwa mchinjaji na mimi nafanya hivyo mpaka leo. Kuku kisu cha inchi 4 sawa, hakuna tatizo. Mbuzi wa kilo 30 shingo yake na manyoya yale, kisu kifupi kinakulazimisha uende ukirudi mara nyingi, na mnyama anateseka, sisi tunafundishwa kisu kiwe kikali na kitoshe, na usikinoe mbele ya mnyama. Inchi 5 na nusu mpaka 6, bapa jembamba, unapitisha mara moja kwa utulivu umemaliza. Kuchuna ndio unarudi kwenye kifupi chenye tumbo la mviringo ili ncha isitoboe ngozi, maana ngozi iliyotobolewa bei inashuka.

Kwa hiyo kama ni kimoja tu kweli na mbuzi wapo, mimi nasema achukue hicho cha 5 na kidogo.

FundiGerezani
Mchuna hapo kwenye kuchinja umenipa somo na nakubali, mnyama asiteseke hilo ni la kwanza kabisa. Lakini angalia mgawanyo wa kazi zake, kamba na viroba na mipira ni kila siku, mbuzi ni mara mojamoja. Kisu cha kuchinjia si kinakaa nyumbani jikoni? Anunue kile chembamba cha bucha cha mpini wa plastiki, bei yake ndogo, akifunge kwenye kitambaa akiweke kwa ajili ya kuchinja tu, wala asikatie kamba. Kisu kilichokata katani asubuhi usikipeleke kwenye shingo ya mnyama mchana, katani inakula makali kuliko nyama, wote tunalijua hilo.

Mchuna_Ngozi
Hilo la kisu cha kuchinja kukaa peke yake naunga mkono mia kwa mia. Kama atafanya hivyo basi cha kiunoni kiwe hata inchi 4, sina ubishi tena. Ila kama atabaki na kimoja msimamo wangu ni uleule.

DadaShira
Naongezea upande wa milimani kaka, mimi naongoza wageni Kilimanjaro. Watu wengi wakisikia mlima wanawaza kisu kikubwa cha kukata kuni, lakini ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro kuwasha moto wa kuni hairuhusiwi, tunapikia gesi. Kazi ya kisu mlimani ni kukata kamba, mkate, parachichi, plasta ya malengelenge, kufungua mifuko ya chakula, basi. Makali yangu ni inchi 3 na nusu na sijawahi kukosa urefu. Na huko Lushoto mkiwa msitu wa hifadhi mti mbichi haukatwi, uliza kwanza kama moto unaruhusiwa pale mnapolala, ukiruhusiwa, vijiti vilivyoanguka vinatosha kuwashia, unavichonga vinyoleo vyembamba kama manyoya kwa kisu kidogo vinashika moto haraka kabisa hata kama nje vina unyevu maana ndani vikavu.

Kingine uzito. Mpagazi kwetu mwisho kilo 20, kila gramu inabebwa na mgongo wa mtu, kwa hiyo kabla hujaweka lidude la inchi 7 kwenye begi fikiria nani analibeba.

Na tafadhali sana njiani kisu kiwe ndani ya begi siyo kiunoni. Sheria ya kanuni ya adhabu ya Tanzania inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, sasa wewe shambani una sababu, kila mtu anaona unafanya nini, lakini stendi ya basi Korogwe na kisu cha inchi 7 kinaning'inia utamweleza nani? Kidogo ndani ya ala, ndani ya begi, pamoja na vyombo vya kupikia, hata ukikaguliwa kinaeleweka. Ukipanda ndege kinaenda kwenye mzigo wa chini, mkononi hakipiti hata kiwe kidogo vipi.

Nahodha_wa_Pwani
Salaam aleikum jamaa. Mie sina mengi ya urefu, sisi baharini cha inchi 4 ndicho tunachotumia kwa nyavu na chambo, samaki wakubwa wana kisu chao. Nataka kusema juu ya chuma. Hizo Mora zipo za aina mbili, za chuma cha kaboni na za chuma kisichoshika kutu, kwa sura utadhani ni kitu kimoja. Ya kaboni inanoleka upesi na makali mazuri mno, lakini ukimenyea muhogo au embe ukaiacha bila kuifuta inapiga weusi, na huku pwani kwa hewa ya chumvi ukilala nayo mbichi asubuhi ina kutu. Handeni ni bara kidogo lakini mtu wa shamba mikono haikauki. Chukua ya kutoshika kutu, utaitunza kwa urahisi. Ukishapata ya kaboni basi kila jioni ifute, ipake mafuta ya kupikia kidogo, yasiwe ya mashine kwa kuwa unakatia chakula.

ShambaHandeni
Aisee nashukuru sana wote, Mchuna na Fundi mmenifungua macho, na dada Shira hilo la stendi sikuliwaza kabisa. Basi nimeelewa hivi, Mora ya inchi 4 isiyoshika kutu kiunoni, panga inabaki kwenye kazi yake, na kisu cha bucha cha kuchinjia kinakaa pembeni. Cha inchi 7 nimekiacha.

Swali la mwisho fundi. Nimesikia Mora msuka wake, kile chuma kinachoingia ndani ya mpini, haufiki mwisho wa mpini, watu wanasema itavunjika ukipasua kuni. Na je kama nataka nikupe wewe unitengenezee cha springi saizi hiyohiyo, nitajuaje kama kimeiva vizuri?

FundiGerezani
Msuka wa Companion kweli haufiki mwisho, unaingia sehemu kubwa ya mpini lakini siyo wote. Kwa kamba, chakula, kuchonga, hakuna shida yoyote. Kupasua vijiti vya unene wa gumba kwa kugonga mgongo wa kisu na kipande cha mti pia inavumilia, usigonge kwenye ncha tu na usiipindishe ikiwa ndani ya mti, hapo ndipo visu vinapovunjika hata vile vya bei kubwa. Gogo kubwa peleka panga au shoka. Kama moyo haukubali kabisa wanayo nyingine inaitwa Garberg, chuma kinafika mpaka mwisho wa mpini, makali yake inchi 4 na kidogo, ila bei imepanda mara kadhaa.

Cha springi kwangu au kwa fundi yeyote, kabla hujalipa omba tupa ndogo uipitishe taratibu kwenye makali. Ikiteleza bila kuuma chuma kimeiva, ikichimba kirahisi chuma ni laini, kitakuwa butu kila siku. Halafu angalia makali kwenye mwanga, ukiona rangi ya bluu mahali ujue kiliungua kwenye mashine ya kusagia na ugumu wa pale umeshaondoka, usikubali hata akikupunguzia. Kisha gonga ncha kwenye ubao mkavu uitikise kidogo, ikikatika hakikupunguzwa ugumu baada ya kuzimwa kwenye mafuta, yaani fundi aliruka ile hatua ya mwisho ya kukirudisha kwenye moto mdogo.

Mwambie pia akusagie mpaka milimita 3, maana springi ya gari inakuja nene, ya Land Cruiser ndio usiseme, na mafundi wengi wanaiacha hivyohivyo kwa sababu kusaga kunakula muda na mawe. Unene huo lipia, ni halali yake. Na ala ya ngozi ukishashonewa usilaze kisu humo usiku, ngozi inavuta unyevu, kitundike nje ya ala asubuhi ukirudishe.