Mrejesho: mtoto aliyevunjika mtulinga wakati wa kuzaliwa (Malindi)

Asanteni nyote mliojibu swali langu la namna ya kumtunza mtoto aliyekwama bega wakati wa kuzaliwa, akavunjika mtulinga (mfupa unaounganisha bega na kifua) wa kulia. Mfupa umeunga.

Kilichosaidia zaidi ni kuutuliza mkono: kiwiko kimekunjwa, mkono wa fulana umebanwa kifuani kwa pini, bila plasta wala vibao. Wakati wa kumvisha, mkono ulioumia uliingia kwanza. Wakati wa kumvua, ulitoka mwisho. Tulimbeba kwa kiganja kimoja chini ya kichwa na shingo, kingine chini ya makalio, kamwe si kwa kumshika makwapani. Kinundu kigumu juu ya mfupa kiliwatia hofu bibi zake, lakini mlikwisha kusema: ni mfupa mpya, huanza kugusika baada ya siku 7 hadi 10, na hupungua chenyewe kwa miezi. Shukrani za pekee kwa aliyesisitiza asikandwe kwa mafuta ya nazi. Vipande vingesogea na mtoto angeumia bure.

Ushauri wa kumfunga kwa leso (kanga) haukufaa. Kwa joto la hapa alitoka vipele kwapani, ikabidi afunguliwe.

Bega bado halinyanyuki vizuri. Vidole vinashika na kiwiko kinakunjika, kwa hivyo daktari anaona mishipa ya fahamu ya mkono ilivutika tu bega lilipokwama, haikukatika. Mazoezi ya fiziotherapia yameanza baada ya mfupa kuunga. Mtoto ambaye kiwiko hakikunjiki kufikia miezi 3 apelekwe kwa mtaalamu wa upasuaji wa mishipa hiyo.