Unamrushia mtoto wa mbwa mfupa, halafu unasema mbwa wetu hana adabu?!!

Mkia Juu:
Wakuu, simtaji. Mnamjua. Kila ukoo una wake, na kama unaona kwenu hayupo, jichunguze.

Povu linanitoka na sahani bado hazijaoshwa. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu ametulia juu ya gunia lake, kidevu chini, watu wanakula pilau, hana habari na mtu. Ghafla mfupa wa paja la kuku, umenyonywa mpaka unang'aa, unapaa juu ya sinia kama ndege ya abiria na kutua mbele ya pua yake. Dogo kainuka, kauvamia, kaja mpaka mkekani kuuliza kama kuna mwingine. Ndipo mtaalamu wetu, mashavu yamejaa pilau, anatangaza mbele ya wakwe: "Mbwa wenu huyu hana adabu."

HANA ADABU! Mfupa wenyewe una mate yako!

Anadhani dogo alizaliwa juu ya gunia? Gunia linatandikwa kwanza saa ambayo hakuna chakula kabisa. Akilikanyaga, kipande cha dagaa kinawekwa juu ya gunia. Ukimpa mkononi atakodolea mkono, ukiweka guniani atapenda gunia. Akilala, kipande cha pili. Dagaa mmoja vipande vitatu, maana vitafunio vyote vya mafunzo visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Hesabu tatu, mpe. Hesabu kumi, mpe. Nusu dakika, mpe. Anatoka kwa neno moja tu, "haya", hajitoi mwenyewe. Kisha watu wakae mkekani na sahani tupu. Kisha mkate mkavu. Pilau ni mtihani wa mwisho. Akifaulu mara nne kati ya tano unapanda hatua, akikosea mara mbili mfululizo unashuka. Dakika tatu hadi tano inatosha, akichoka anang'ata tu.

Na anakaa guniani akiwa ameshakula. Wa miezi mitatu hula mara tatu au nne kwa siku, kwa hiyo mlo mmoja unapangwa kabla ya watu kukaa, anatolewa nje akojoe, ndipo gunia.

Yote hayo yanabomolewa na paja moja. Mbwa aliyezoea kupewa kila mara, akinyimwa hukata tamaa upesi. Anayepewa mara mojamoja ndiye king'ang'anizi, maana hajui bahati itaangukia mlo gani. Na ukianza kumnyima, kelele hupanda kwanza kabla ya kufa. Hapo ndipo watu hulegea, wanampa "anyamaze", na yeye anajua sasa bei ni kubweka kwa nguvu zaidi.

Halafu eti hana adabu. Mdomo umejaa!

Kobe wa Tandika:
Uzi mrefu hivi kwa paja la kuku? Mkuu sema ukweli, ulikuwa umelipigia hesabu wewe.

Bibi Shamba:
Mleta mada acha mate, mate ni madogo. Mfupa wa kuku ULIOPIKWA! Ukipikwa unakauka, akiutafuna unapasuka vipande vyenye ncha, vinachoma koo au utumbo. Na pilau yenyewe ina vitunguu maji na vitunguu saumu, vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Dalili huchelewa siku kadhaa: anakuwa mnyonge, fizi zinapauka, mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi. Wakati huo mgeni ameshapanda basi, na daktari wa mifugo unamlipa wewe.

Mkia Juu:
Asante Bibi! Na kabla ya kupanda basi ameacha ujumbe kwamba mbwa hana adabu!

Fundi Banda:
Naomba nimkosoe mleta mada. Kamba ilikuwa wapi? Mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa kwa watu wa meza, chakula kiko juu, mbwa yuko chini. Sisi tunakula mkekani, sinia liko usawa wa pua ya dogo. Hapo unategemea gunia peke yake? Pima. Kamba ya mita moja na nusu, ifungwe kwenye nondo za dirisha au nguzo, na iishe hatua mbili kabla ya ukingo wa mkeka. Usiifunge kwenye mguu wa stuli, atakuja nayo. Iwe kwenye mkanda wa kifuani, maana akirukia chakula ikiwa shingoni anajikaba.

Pili, gunia la katani kwa mbwa wa umri huo ni kosa. Anachomoa nyuzi na kuzimeza. Tafuta kipande cha zulia, kingo zipindwe na kushonwa.

Tatu, neno "acha" amefundishwa? Dagaa ndani ya ngumi. Atalamba, atang'ata, atakwaruza, wewe kimya. Sekunde ile anayoondoa pua, mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa PILI. Usimpe ule uliomkataza, atajifunza kwamba "acha" maana yake "subiri kidogo". Akielewa, weka dagaa sakafuni na kiganja juu yake, kisha nyanyua kiganja. Mbwa anayejua hilo hata mfupa ukitua mbele yake una nafasi ya kumuwahi.

Mkia Juu:
Kamba ILIKUWEPO fundi! Dogo hakuvuka kamba, mfupa ndio uliovuka! Kamba ilikatika alipoufuata wa pili, na mtu anasema hana adabu huku anatafuna!

Kobe wa Tandika:
Basi mfunge kamba mgeni. Mita moja na nusu, nondo za dirisha 😂

Chatu Mpole:
Mnasumbuka bure. Kofi moja la pua, mkono mdomoni, toa mfupa, habari imekwisha.

Bibi Shamba:
Chatu, hapo ndipo mnapotengeneza mbwa wa kung'ata watoto. Ukimpokonya kwa nguvu anajifunza mambo mawili: kumeza haraka kabla hujafika, na kukoroma akikuona unakaribia bakuli lake. Ukimpiga kwa kukoroma ataacha kukoroma, siku nyingine atang'ata bila taarifa. Mbadilishie. Kipande cha maini kilichochemshwa bila chumvi, kishushe karibu na pua, aachie mwenyewe, ndipo uokote mfupa akiwa anatafuna. Na zoezi la kila siku: akiwa anakula, pita na umwongezee kitu kizuri bakulini, ondoka. Mkono wako uwe wa kuleta.

Chatu Mpole:
Maini kwa mbwa. Sawa bibi.

Mwana wa Kizimkazi:
Kwetu hatufiki huko. Mbwa mkekani hapandi, zulia wala gunia hakuna, anakaa uani. Ulimi wake ukigusa chombo ni kukiosha mara saba, moja kwa udongo. Mjadala wa adabu ya mbwa wakati wa kula unaishia mlangoni.

Fundi Banda:
Na hilo pia ni mafunzo, shekhe. Akizoeshwa tangu mdogo kwamba mlango wa uani unafungwa watu wakila, na nje kuna taulo kuukuu limeviringishwa na chakula chake ndani, hatakwaruza mlango. Ila msimwachie gunzi la mahindi la kuchezea. Gunzi halisagiki tumboni, linaziba utumbo, linatolewa kwa kisu.

Mama Watatu:
Jamani mnamsema mgeni, mlishaji mkuu ni mtoto wa miaka miwili! Wali nusu mdomoni nusu chini, anacheka, mbwa anacheka. Mbwa amejipangia kambi chini ya kiti cha mtoto na hakuna gunia litakalomtoa. Huyo nani anamfungulia uzi?

Fundi Banda:
Turubai dogo chini ya mtoto, na mbwa asiwemo chumbani mpaka likunjwe. Usimruhusu "afagie" yaliyomwagika, hata kama inakuokolea ufagio. Ndiyo mshahara wake.

Mama Watatu:
Na shangazi yao je, anayesema "masikini, ananiangalia"?

Bibi Shamba:
Shangazi apewe kazi. Kikombe chenye vipande vya dagaa, na sharti moja: anaviweka kwenye zulia la mbwa, na tu akiwa amelala. Mwenye mkono mwepesi umtumie.

Kobe wa Tandika:
Mbwa mnaweza. Nileteeni paka wa jirani anayeinua kifuniko cha sufuria kwa pua. Samaki wa kukaanga watano, kabakiza vichwa.

Mama Watatu:
Paka kumfundisha ni kazi, tafuta kifuniko cha kubana.

Mkia Juu:
Wakuu, paka ana uzi wake. Turudi kwa yule mtu na MDOMO UMEJAA

Chatu Mpole:
Mmetaja dagaa mara mia. Dagaa gani? Wa Mwanza wana mchanga.

Fundi Banda:
Wengi huanikwa chini, ndiyo sababu. Walowekwe maji ya uvuguvugu nusu saa, uwanyanyue kwa mkono na kuacha mchanga chini, usimwage maji na dagaa pamoja. Kisha wakaushwe tena kwenye kikaango bila mafuta, wakiwa laini wanachafua mfuko. Wa baharini waliotiwa chumvi usimpe. Wa Kigoma ni wasafi zaidi.

Kobe wa Tandika:
Wa Kigoma, kwa mbwa? Fundi unajua bei ya kilo wewe?