Wadau wa Doha: kampuni inasema sihami bila NOC (barua ya mwajiri ya kukuruhusu uhame), na pasi ya kusafiria wanayo wao. Nifanyeje?

Mpanga_Mizigo
Wakuu, habari za jioni. Nipo Doha, kazi yangu ni kupanga mizigo ghalani huku Sanaiya, eneo la viwanda. Nilitoka Dar kupitia wakala. Mkataba niliosaini kule ulisema riyali 1,800 kwa mwezi, kazi saa nane kwa siku. Nilipotua nikaletewa mwingine wa Kiarabu na Kiingereza: mshahara wa msingi 1,000, posho 200. Nikaambiwa saini, au rudi kwa nauli yako. Nyumbani nimeacha deni la safari, nikasaini.

Sasa naingia saa moja asubuhi natoka saa moja usiku, mapumziko saa moja tu, siku sita kwa wiki. Kwenye slipu ovataimu haipo. Pasi walichukua wiki ya kwanza "kwa ajili ya kitambulisho" mpaka leo haijarudi, na mwaka umeshapita. Nimepata kampuni nyingine, 1,600 na chumba. Supavaiza anasema bila NOC siendi popote, nikilazimisha wananiripoti nimetoroka. Kuna wenzangu kambini wameshaondoka usiku bila kuaga. Naomba anayejua sheria anisaidie, maneno ya kambini nimeshayasikia yote.

Chapati_Moto
Riyali 1,200 na bado unaulizia ushauri? Rudi tulime vitunguu.

Mzee_wa_Sanaiya
Kijana, wa vitunguu mwache. Kabla ya yote: USITOROKE. Wale wenzako walioondoka usiku wamempa bosi silaha bure. Akiwaripoti, ukazi wao unaingia matatani, na mtu asiye na karatasi hata akidai haki yake anaanza kwa kujitetea yeye.

NOC ilifutwa mwaka 2020. Tangu hapo mfanyakazi wa Qatar anaweza kubadili mwajiri kwa kutoa notisi tu: mwezi mmoja kama hujazidi miaka miwili kazini, miezi miwili kama umezidi. Wewe ni mwezi mmoja. Ungekuwa bado kwenye majaribio (hayazidi miezi sita), kampuni mpya ingetakiwa kumfidia mwajiri wako gharama za kukuleta, isizidi mshahara wa msingi wa miezi miwili. Hilo limeshakupita.

Supavaiza anajua haya yote. Anategemea kwamba wewe hujui.

Unachofanya: chukua barua ya ajira ya kampuni mpya, omba kuhama kwenye mfumo wa Wizara ya Kazi, na notisi ipite humohumo. Usimpe supavaiza karatasi mkononi, itapotea. Halafu mwezi mzima wa notisi unakwenda kazini kama kawaida, hata wakikununia. Ukianza kukosa kazini bila sababu hapo katikati umewapa sababu ya kusema umetoroka.

Pasi: kushika pasi ya mfanyakazi ni kosa huku, faini inafika riyali 25,000. Wakimaliza shughuli za kitambulisho wanatakiwa wakurudishie. Iombe kwa ujumbe wa simu, ili ombi lako libaki na tarehe.

Swali moja: chakula wanatoa?

Mpanga_Mizigo
Asante sana mzee. Chakula hapana. Tunapika wenyewe kambini, jiko moja tunagombania vyumba vinne. Kulala wanatoa.

Mzee_wa_Sanaiya
Basi wana kesi nyingine. Tangu Machi 2021 kima cha chini ni 1,000 ya msingi, na kama hawatoi chakula wanaongeza 300, kama hawatoi malazi 500. Wewe unalala kwao lakini unajilisha, kwa hiyo chini kabisa ilitakiwa 1,300. Wanakukata riyali 100 kila mwezi, na benki inatunza ushahidi.

Tuje kwenye ovataimu. Saa 12 toa moja ya kula, unafanya 11. Sheria ni nane kwa siku, 48 kwa wiki, na hata ukiongezewa jumla isizidi kumi kwa siku. Kwa hiyo wanazidisha na bado hawalipi. Chukua 1,000, gawa kwa 30, gawa kwa nane: riyali 4.17 kwa saa. Ongeza robo yake, inakuwa kama 5.2. Saa tatu mara siku 26 ni saa 78. Hiyo ni zaidi ya riyali 400 kila mwezi. Mshahara wa Ramadhani sijaugusa, maana mwezi ule saa zinashuka hadi sita.

Piga picha ya daftari la kuingia na kutoka. Kila siku.

Binti_Mombasa
Na wale wa kazi za nyumbani jamani? Dada yangu yuko Al Wakrah, hajui hata Ijumaa inafananaje.

Mzee_wa_Sanaiya
Dada, wao wana sheria yao ya 2017: mwisho saa kumi kwa siku, siku moja ya kupumzika kila wiki, na likizo ya wiki tatu kwa mwaka. Ugumu ni kwamba anaishi ndani kwa bosi, shahidi hana. Kima cha chini kinamhusu pia, na kuhama kwa notisi vilevile. Mwambie awe na namba ya ubalozi wa Kenya kichwani, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa.

Nimekaa_Kimya
Mzee yuko sawa kwenye karatasi, ila mimi ningehama kwanza nikadai baadaye. Rafiki yangu alipeleka malalamiko akiwa bado kwao, wakamhamishia kazi za juani mwezi wa saba.

Mzee_wa_Sanaiya
Sikatai. Madai yana mwaka mmoja tangu mkataba uishe, muda upo. Ila pasi asiache mpaka ahame, hiyo aidai sasa. Akishapeleka malalamiko wizarani, wanajaribu kupatanisha ndani ya siku saba. Wasipoelewana inakwenda kwenye kamati ya migogoro, na kamati inatakiwa itoe uamuzi ndani ya wiki tatu tangu kikao cha kwanza.

Mpanga_Mizigo
Nimeshaandika ujumbe wa pasi leo, umesomwa, hawajajibu. Na ule mkataba wa Dar wa 1,800 hauna maana tena?

Mzee_wa_Sanaiya
Huku wanaangalia uliosajiliwa wizarani, na Kiarabu ndicho kinachoshinda. Wa Dar utunze, unaonyesha ulidanganywa. Sheria inaruhusu aliyedanganywa kuhusu masharti ya kazi aache bila notisi, lakini usiitegemee hiyo, kuithibitisha ni kazi. Toa notisi yako.

Siku ya mwisho watakuletea karatasi ya Kiarabu usaini kwamba umelipwa kila kitu. Usiisaini kabla hujasomewa na mtu wako. Kuna kiinua mgongo pia, wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kwako ni riyali 700. Wakisema aliyeacha kazi mwenyewe hapati, wanakudanganya.