Naomba ushauri: pilipili mwitu ya milimani kwenye supu ya kuku

Wapendwa, poleni na baridi. Huku Uyole Julai hii hata maji ya kunywa yanauma meno.

Mdogo wangu amerudi kutoka Taiwan na kachupa ka maqaw, punje nyeusi ambazo kwa macho ungeapa ni pilipili manga. Kumbe ni tunda la mti wa porini milimani, na Waatayal, kabila la wenyeji wa asili wa huko, huitia kwenye supu ya kuku. Ukiiponda, jiko zima linanukia mchaichai, na tangawizi kwa mbali.

Jumapili nikajifanya fundi. Nikatwanga kijiko kizima cha chakula, nikatia tangu mwanzo, jogoo wa kienyeji akachemka saa mbili. Supu ikawa chungu, harufu yote imeshapaa, na baba watoto akauliza kama nimeweka dawa ya mafua.

Waliowahi kuipikia, punje ngapi zinatosha kuku mmoja? Nizipasue tu na kuzitia wakati wa kuepua? Tangawizi niiache? Nina samaki mbasa kutoka Kyela wa kuchoma kesho kutwa, sitaki kumharibu na yeye.