Hivi wapishi wa kumbi mkiandika "aspic" kwenye menyu mnategemea tuelewe nini??

Wakuu salama? Mimi si salama, nimeamka na hasira mnivumilie.

Jana tulikuwa harusini, ukumbi wa maana kabisa, mezani kadi ya menyu inameremeta imeandikwa "kuku wa aspic". Kinaletwa kitu kinatikisika, unaona mpaka ndani, vipande vya kuku, karoti na yai vimeganda humo. Muulize mhudumu hii nini, anajibu aspic. Haya, aspic ndo nini? "Ni ya Kifaransa." Hilo ndo jibu?? Jamaa akatoa simu akagugo, ikaja picha ya NYOKA. Meza nzima sahani zikasukumwa, shangazi wa bwana harusi akainuka kwenda kunawa na hakurudi.

Nyoka wa watu hana kosa. Kifaransa aspic ni nyoka fulani mwenye sumu kweli na ndo jina la hicho chakula pia, kwanini wachangie jina wajuzi wenyewe wanabishana, wengine wanasema ni ule ubaridi, wengine eti ni rangi za ile jeli. Ila ndani hamna nyoka! Ni supu ya mifupa, ngozi na miguu, unachemsha mpaka ule utelezi utoke, unachuja, unamwagia juu ya nyama au samaki aliyeiva, ikipoa inaganda basi. Weka makongoro kwenye friji usiku uone asubuhi. Warusi wana ya kwao wanaita kholodets, kutoka neno lao la baridi, na London ya mashariki wanakula mikunga ya kugandishwa toka enzi za karne ya 18. Hata jeli yenyewe ni gelée ya Wafaransa, asili yake Kilatini gelare, kugandisha. Sasa mhudumu anashindwaje kusema "ni kuku wa kugandishwa"?

Kilichonipandisha presha zaidi ni hiki, siku hizi wengi hawachemshi miguu, wanamimina gelatini ya paketi, yaani unga wa huo huo utelezi wa mnyama, na gelatini inaweza kuwa ya ng'ombe, ya samaki au ya nguruwe, Ulaya ndo ngozi ya nguruwe inatumika sana. Meza yetu Waislamu watupu. Nikamfuata mpishi jikoni, nikamuuliza paketi iliandikwaje, ananiambia "bosi hiyo jeli tu hata watoto wanakula". Paketi iko wapi? Ishatupwa.

Na angetaka angetumia agar agar, ile chaina grasi ambayo mama zetu wa pwani wanagandishia maziwa, hiyo ni mwani mtupu haina mnyama. Lakini wapi, anataka jina la kizungu la kupandishia bei ya sahani.

Naombeni mwenye kujua, hili la kuficha gelatini ya mnyama gani linapelekwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, si ndio? Maana vyakula viko kwao toka 2019, na meneja wa ukumbi simu inaita tu hapokei.