Naomba ushauri: tiba fupi ya mazungumzo kwa kaka yangu, mwanajeshi mstaafu

Ndugu zangu, salaam. Kaka yangu alistaafu jeshi na sasa ana sonona. Halali vizuri, hapokei simu za wenzake wa kikosi. Kliniki ya karibu walimjazisha dodoso la PHQ-9, lile la maswali 9 ya kupima ukali wa sonona, akapata alama 16 kati ya 27. Si hali nyepesi. Wamempendekezea tiba fupi ya mazungumzo: vikao vichache vya kuchunguza mawazo yanayomwangusha na kumrudisha taratibu kwenye shughuli zenye maana kwake.

Nimefurahi kwamba ni palepale anapopimwa presha, maana hospitali ya magonjwa ya akili asingekanyaga. Ila kaka ni mtu wa "niko sawa". Jeshini alizoea kumeza maumivu, na naogopa vikao vitaisha kabla hajafungua mdomo. Na kama nyuma ya sonona hii kuna mambo ya vitani, tiba fupi itayagusa, au atahitaji nyingine ya kiwewe? Nimemuuliza waziwazi kama anawaza kujiua, akasema hapana, na nitaendelea kumuuliza.

Mliopitia haya, au mnaotoa huduma hii: atapewa mazoezi ya kufanya nyumbani kati ya kikao na kikao, nimsaidieje bila kumsimamia kama kuruta? Daktari ametaja dawa pia. Mlianza vyote pamoja, au mazungumzo kwanza? Na vikao vikiisha hali ikiwa bado nzito, tudai nini pale kliniki?